Kiti cha kujifyatua kipo, mwalimu yupo, sasa kwanini wanakufa wote wawili?

Marahaba mwanangu. Wengine wanaosoma wajue najibu nini: binti mmoja wa Kipunguni ameniandikia kwamba mdogo wake kamaliza form six, PCM, na ndoto yake ni kuwa rubani wa ndege vita, sasa mama yao kaona video ya ndege ya mafunzo ya jeshi huko nje ikianguka, mkufunzi na mwanafunzi wote wamekufa, na toka siku hiyo mama kagoma hataki kusikia. Binti anauliza hivi: kama ndege ina kile kiti kinachomrusha rubani nje, na kwenye kiti kingine kakaa mwalimu mwenye uzoefu wake, inakuwaje wanakufa wote wawili? Na hizi habari za rubani kukataa kuruka ili ndege isiangukie watu ni kweli au ni za kufariji tu?

Mimi ni fundi wa ndege, sasa nimestaafu nipo zangu nyumbani. Kabla ya kuhamia ndege za abiria nilikaa sana kwenye karakana za ndege za mafunzo za jeti na kazi yangu kubwa ilikuwa hivyo hivyo viti unavyoviuliza. Mambo ya kambini siyaongelei kwahiyo msinichimbe huko, naongelea ndege.

Jibu fupi ni kwamba kiti mara nyingi kinakuwa kizima kabisa, kinachokosekana ni muda, na muda wenyewe unaliwa na mtu anayeamua. Hilo ndo kubwa, na ndo maana nataka nilieleze taratibu, kwasababu watu wengi wanadhani ukiwa na kile kiti umeshamaliza.

Kile kiti sio springi jamani, ni baruti na roketi. Rubani anakaa anajifunga mikanda ya mabegani na kiunoni, halafu kuna mikanda midogo inafungwa miguuni chini ya magoti, hiyo wageni wakija karakana lazima waulize ni ya nini, ni ya kuivuta miguu irudi nyuma ishikane na kiti wakati wa kutoka maana ikibaki mbele itagonga dashibodi na hutatoka nayo salama. Katikati ya mapaja kuna kishikio cha njano na nyeusi. Ukikivuta basi, mengine yote yanajiendesha yenyewe: mikanda inakubana mgongo ugande kwenye kiti, kioo cha juu kinatupwa au kinapasuliwa na uzi wa baruti uliobandikwa juu yake, baruti inakisukuma kiti kipande kwenye reli zake, roketi ya chini inawaka, kiparachuti kidogo kinatoka kukiweka kiti sawa, afu mwavuli mkubwa unafunguka na mtu anaachana na kiti. Kwenye ndege ya watu wawili wa nyuma anatoka kwanza na wa mbele anafuata sehemu ya sekunde baadaye, ili moto wa roketi ya mbele usimchome wa nyuma. Toka kuvuta mpaka uko kwenye mwavuli ni kama sekunde 2 mpaka 3, yani hujamaliza hata kusema bismillahi.

Na vinaokoa kweli. Kampuni ya Martin-Baker ya Uingereza, ambayo ilijikita kwenye viti hivi baada ya mwanzilishi mmoja Kapteni Valentine Baker kufa akiijaribu ndege yao mwaka 1942, na mtu wao wa kwanza kurushwa na kiti toka kwenye ndege inayoruka akawa fundi wao mwenyewe Bernard Lynch mwaka 1946 (fundi, sio rubani, naomba hilo mlizingatie), inahesabu zaidi ya watu 7,700 waliopona kwa viti vyake peke yake. Kila aliyepona anapewa tai ya klabu yao. Wengi mgongo unawauma baadae maana ile nguvu ya kutoka inaminya pingili za uti wa mgongo, ila wapo hai wanacheza na wajukuu.

Sasa tatizo. Viti vya kisasa vinaitwa sifuri sifuri, maana yake kasi sifuri kimo sifuri, hata ndege ikiwa imepaki ukivuta kitakupeleka juu ya kutosha mwavuli ufunguke. Watu wakisikia hivyo wanaelewa kwamba basi popote ulipo unaokoka. Hapana bana. Hiyo ni kwa ndege iliyosimama sawa na haishuki. Chukua ndege ambayo imekata pumzi inashuka futi 6,000 kwa dakika, na hiyo kwa jeti wala sio ajabu, maana yake inakula futi 100 kila sekunde. Zile sekunde 3 za kiti ni futi 300 zimeshaondoka, na roketi inapokusukuma kwenda juu inabidi kwanza ipigane na ule mwendo wa kushuka uliotoka nao ndani ya ndege. Halafu kama ndege imelala ubavu kiti hakikupeleki juu, kinakupeleka pembeni. Ikiwa imepinduka tumbo juu, kinakupeleka ardhini moja kwa moja. Viti vya zamani ndo kabisa, vingi vinadai ndege iwe na mwendo fulani wa kwenda mbele hata kama upo kwenye lami.

Kwahiyo rubani anayeanguka ana kadirisha kadogo ka muda, na kadirisha hako kanajifunga wakati yeye bado anahangaika kuiokoa ndege.

Ngoja nikuoneshe kona moja ambayo imeua wanafunzi na walimu wao nchi nyingi. Inaitwa kona ya mwisho, ile ndege inapogeuka kujipanga na uwanja ili itue. Mwanafunzi yupo kama futi 1,500 juu ya ardhi, matairi yameshashuka, mwendo umeshapungua, kichwani ana mambo kumi kwa mkupuo. Upepo wa nyuma unamsukuma, anaona mstari wa uwanja unampita, anataka asiupitilize kwahiyo analaza ndege zaidi na anavuta fimbo zaidi. Hapo ndo hesabu inapomgeuka. Ndege ikilala digrii 60 na wewe unang'ang'ania isishuke, uzito unaobebwa na mabawa unakuwa mara 2, na ule mwendo wa chini kabisa ambao ndege inaweza kubaki hewani bila kustoli unapanda kwa asilimia 41. Tuseme ndege ilikuwa inastoli kwenye noti 110 (noti ndo kipimo cha mwendo wa ndege) ikiwa imenyooka, hapo kwenye kona itastoli noti 155. Mwanafunzi anaangalia mita ya mwendo anaona 150 anajiona yuko salama, kumbe hayuko.

Kustoli hapa sio injini kuzima, watu wengi wanachanganya, injini inaweza ikawa inanguruma vizuri tu. Ni bawa ndo linaacha kubeba, kwasababu limekutana na upepo kwa pembe kali mno. Ndege inaanza kutetemeka, pua inadondoka, bawa moja linatangulia chini. Ukiwa juu futi 15,000 hilo ni somo la kawaida, wanafanyishwa makusudi ili wajue kutoka. Ukiwa futi 700 kwenye kona ya mwisho hakuna nafasi ya kufanya lile somo. Na ukisukuma mafuta, injini za jeti hasa za zamani haziitiki papo hapo, zinachukua sekunde kadhaa kupanda toka silensa, yani mzunguko wa chini kabisa, mpaka nguvu kamili. Hizo sekunde kadhaa ndo maisha yenyewe.

Sasa unauliza mwalimu yupo wapi? Yupo hapo hapo, na mara nyingi ameshaona kabla ya mwanafunzi. Angalia magari yale ya shule ya udereva yenye L, mwalimu ana breki yake upande wake, lakini akiikanyaga kila mwanafunzi anapokosea huyo mwanafunzi hatajifunza mpaka kiama, inabidi amwache akosee kidogo ajirekebishe mwenyewe. Kwenye gari mwalimu akichelewa nusu sekunde mmegonga bampa ya daladala mtagombana na konda yataisha. Kwenye jeti ya kona ya mwisho ule muda wa "ngoja nimwache aone mwenyewe" na ule muda wa kuokoka ni muda mmoja. Kwanza anasema kwa mdomo, ongeza mafuta. Mwanafunzi anachelewa kuitika kwasababu kazidiwa. Mwalimu anasema naichukua mimi, anashika fimbo, anasukuma mafuta mpaka mwisho, na hapo badala ya kuwaza kiti anawaza kuiokoa ndege, maana hiyo ndo kazi aliyoifanya maisha yake yote na kila siku imefanikiwa. Yani uzoefu wake ndo unamwambia hii nitaitoa. Wanaosomea ajali hizi wamelisema miaka na miaka, kwamba sababu kubwa ya watu kufa kwenye ndege yenye kiti kizima ni kuchelewa kuamua.

Uzoefu sio kinga hata kidogo. Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kwenda anga za juu, hakufia huko juu. Alikufa tarehe 27 Machi 1968 kwenye ndege ya mafunzo, MiG-15UTI, karibu na mji wa Kirzhach, akiwa anarudishwa kwenye urubani wa kawaida, na mkufunzi wake siku hiyo alikuwa Vladimir Seryogin, kanali, kamanda wa kikosi, mtu wa Vita Kuu ya Pili. Wote wawili walikufa na ndege. Miaka mingi watu wamebishana nini hasa kilitokea, lakini hata wanaobishana wanakubali mambo yalienda haraka kuliko waliokuwemo.

Ndo maana shule nzuri za urubani wa jeshi zinafanya uamuzi chini, kabla hata ya kupanda ndege. Kila asubuhi kwenye brifu wanasema kwa sauti: ikitokea hivi chini ya kimo hiki, tunatoka, hakuna mjadala. Kwa mfano F-16 marubani wanafundishwa kwamba ukiwa umepoteza udhibiti na umefika futi 6,000 juu ya ardhi bado hujaupata, vuta, na hata kama ndege bado inakusikia lakini inabidi uiache basi iache ukiwa na futi 2,000 kwenda juu. Namba zinatofautiana ndege na ndege ila akili ni ile ile, namba ndo inaamua sio roho yako. Na ile amri ya kutoka inatamkwa mara tatu, ikifika ya tatu aliyeitamka ameshaondoka. Walimu wengine wanamwambia mwanafunzi mpya bila kumung'unya maneno, nikisema toka, ukiniuliza unasemaje utakuwa unaongea na kiti kitupu.

Zipo sababu nyingine nitazipita haraka. Kuna kuzimika kwa ajili ya mzigo wa G, yani ule uzito unaomwelemea mtu ndege ikigeuka kwa nguvu: rubani akivuta ndege ghafla kwenye mazoezi ya kukimbizana, damu inashuka miguuni, ubongo unakosa hewa na anazimika akiwa ameshika fimbo, kwa wastani kama sekunde 12 hajitambui na nyingine karibu kama hizo ameamka ila hajui yuko wapi. Jeti kwa hizo sekunde imeshafika chini. Suruali ile inayojaa hewa na kubana mapaja inasaidia, kukaza misuli na kupumua kwa mtindo wao kunasaidia zaidi, na kwenda kuruka hujala hujalala vizuri ni kutafuta balaa.

Kuna ndege wa kawaida, wenye manyoya. Oktoba 1964 mwanaanga wa Marekani Theodore Freeman alikuwa anarudi kutua Houston na jeti ya mafunzo ya T-38, akagongana na bata bukini, injini zikazima, akajirusha lakini alikuwa chini mno mwavuli haukuwahi. Unaona tunarudi pale pale, muda.

Na kuna mawingu. Sikio la ndani linadanganya, ukiwa ndani ya wingu ndege inageuka taratibu wewe unajisikia umenyooka kabisa, ukiinyoosha unajisikia unaanguka ubavu, kwahiyo unarudi kwenye kona bila kujua. Dawa ni kuamini mita na kuukatalia mwili wako, na hilo linahitaji mazoezi mengi kweli. Ujerumani Magharibi walijifunza kwa machozi na F-104 Starfighter, walipoteza ndege 292 kati ya 916 na marubani 116. Sababu zilikuwa nyingi, ndege yenyewe ilikuwa ngumu, ila moja ni kwamba vijana walifundishwa Arizona kwenye jua la mwaka mzima halafu wakarudishwa kwenye mawingu ya Ulaya.

Kiti nacho kinaweza kufeli, nisikufiche. Juni 2020 South Carolina, Marekani, rubani kijana wa F-16 kwenye zoezi la usiku aligonga antena za mbele ya uwanja akitaka kutua, matairi yakaharibika, akaamua kutua kwa kunasa waya wa uwanja unaosimamisha ndege kwa ndoano yake ya nyuma, ndoano haikunasa, akavuta kiti. Kiti kilimtoa vizuri tu ila kile kifaa cha umeme kinachopanga hatua hakikufanya kazi, mwavuli haukufunguka. Na Novemba 2011 kule Scampton, Uingereza, kwenye timu ya maonesho ya Red Arrows, kiti kilifyatuka ndege ikiwa imesimama chini, kishikio kilikuwa kimekaa vibaya na pini ya usalama ikaingia kama kawaida kana kwamba kila kitu kipo sawa, halafu juu kule boliti moja ilikuwa imekazwa kupita kiasi, vipande viwili vilivyotakiwa kuachana vikagandana, mwavuli ukabaki ndani ya boksi lake. Martin-Baker walikiri kosa mahakamani na mwaka 2018 wakatozwa faini ya pauni milioni 1.1. Hiyo kesi kila fundi wa viti anaijua. Kukaza boliti kupita kiasi kwa sisi mafundi kunaonekana ni umakini, vijana wanasema mzee mi nakaza kweli kweli, kumbe kwenye kiti kulegea na kukaza zaidi vyote vinaua. Ndo maana unaona pini zina vitambaa virefu vyekundu na zinahesabiwa moja moja kabla ndege haijatoka na ikirudi.

Lakini weka kwenye mizani, za kiti kufeli ni chache, za kuchelewa ni nyingi.

Nije kwenye swali lako la pili, la rubani shujaa. Hapa nitaongea kwa adabu maana ni marehemu za watu. Tarehe 21 Julai 2025 ndege ya F-7 ya jeshi la anga la Bangladesh ilipaa saa 7 na dakika 6 mchana toka Kurmitola pale Dhaka, kijana akiwa peke yake kwenye safari ya mafunzo, na muda mfupi baadae ikaangukia shule ya Milestone eneo la Uttara. Walikufa zaidi ya watu 30, wengi watoto wa shule, na rubani mwenyewe. Jeshi lilisema siku hiyo hiyo kwamba alijitahidi kuipeleka ndege mbali na makazi.

Mimi nasema hivi. Inawezekana kabisa, na wapo marubani wamefanya hivyo kweli, wamebaki na ndege sekunde za ziada wakaipeleka baharini au shambani. Lakini maneno hayo yakitoka siku ya kwanza, kabla kinasa taarifa hakijafunguliwa, mimi nayapokea kama pole kwa familia, siyapokei kama matokeo ya uchunguzi. Ndege iliyopoteza udhibiti haiendeshwi kwenda popote, hilo ndo maana ya kupoteza udhibiti. Na kuna ubaya mwingine wa hizo hadithi ambao huwa unanikera, vijana wanaziona wanajenga picha kwamba anayevuta kiti mapema ni muoga na anayebaki ni mwanaume. Mwanafunzi mwenye picha hiyo kichwani ndo huyo huyo atakayechelewa.

Kwa Dhaka swali kubwa kwangu halikuwa la rubani, lilikuwa la kwanini mafunzo yanafanyika juu ya mji wenye msongamano ule, kwenye njia moja ya kurukia na uwanja wa kimataifa, tena na ndege ya kizazi kile, F-7 ni toleo la China la MiG-21. Kamati ya uchunguzi ya kule nayo ilipendekeza mafunzo ya awali yahamishwe nje ya Dhaka. Ninyi wa Kipunguni, Kipawa na Vingunguti mnaishi na ndege za abiria juu ya bati, na hizo zinapita njia iliyopangwa, mwendo uliopangwa, zina marubani wawili waliomaliza shule. Mafunzo ya jeti za kivita ni kitu kingine, yanataka sehemu ambayo ikianguka inaangukia pori, na sisi kambi ya Ngerengere ipo kule Morogoro. Zile mnazoziona siku ya sherehe zinapita juu ya Uwanja wa Uhuru zimenyooka na zimepangiwa mpaka sekunde, hapo hakuna anayejifunza.

Umeniuliza pia mwishoni kwamba mbona ajali ya Bukoba ile ya ndege ya abiria ya ATR ya tarehe 6 Novemba 2022, waliyokufa watu 19, ripoti ya awali ilitoka na watu wakaisoma, ila hizi za jeshi unasikia imeanguka, poleni, kimya. Sio lazima kuna kinachofichwa. Mkataba wa Chicago wa 1944 unahusu ndege za kiraia tu, ibara ya 3 inasema wazi ndege za jeshi, forodha na polisi hazimo, kwahiyo ile kanuni ya ripoti ya awali ndani ya siku 30 haizihusu. Kila nchi inajiamulia. Marekani wanafanya chunguzi mbili, moja ya usalama ambayo mashahidi wanaahidiwa maneno yao hayatatumika kuwashtaki, hiyo inabaki ndani, na nyingine ya kutangazwa kwa umma na familia inapewa. Mimi naukubali sana huo mpango, fundi akijua hatafungwa kwa kusema ukweli atasema pini aliiweka vipi, na kesho kiti kingine kitapona. Nchi ambazo zinaweka vyote kabatini zinawanyima hata marubani wao wenyewe somo, na hapo ndo ninapoungana na mama yako kukasirika.

Sasa dogo. Mama asidanganywe kwamba hakuna hatari, hatari ipo na ni kubwa kuliko ya ndege za abiria, akiambiwa vinginevyo atajua anadanganywa. Cha kuangalia ni ngazi. Shule ya maana inampandisha kijana polepole, darasani, kwenye kifaa cha kuigiza, ndege ya pangaboi, halafu jeti ya mafunzo yenye viti viwili, halafu ndege vita ya viti viwili, ndo mwisho apewe ya peke yake. Ngazi ikirukwa watu wanakufa. India walikaa miaka mingi sana vijana wanatoka kwenye jeti ndogo ya polepole wanapelekwa kwenye MiG-21 inayotua kwa kasi ya ajabu, kamati yao wenyewe ilishasema mwaka 1982 kwamba wanahitaji jeti ya mafunzo ya kati, ndege zenyewe za Hawk zikaanza kazi 2008. Hesabu ni yako, vijana wangapi walipita hapo katikati.

Na kuna la mwili ambalo vijana hawalijui. Kiti kinapimwa kwa uzito na urefu wa mtu, mapaja marefu mno magoti yanagonga fremu wakati wa kutoka, na mwepesi mno shingo inaweza kuvunjika. Mwaka 2015 Marekani waliwazuia marubani wenye uzito chini ya paundi 136, ni kama kilo 62, wasiruke F-35 mpaka kiti na kofia virekebishwe. Umesema dogo ni mwembamba kama mwiko, basi ale.

Ila kabla ya kula na kabla ya kugombana na mama, mpeleke akapime macho sasa hivi, sio kuona mbali tu, aombe na kipimo cha rangi. Wapo vijana wa kiume wasioona vizuri nyekundu na kijani na hawajijui, wanakuja kulijua siku ya vipimo vya jeshi baada ya kuaga mtaa mzima. Akifeli hapo mjadala wenu umeisha wenyewe, aje kwetu kwenye ufundi, napo watamuuliza rangi za nyaya lakini mlango haujabana kiasi kile. Akifaulu, mwambie aniandikie mwenyewe, nimweleze yanayoulizwa kwenye usaili.